Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Utafiti wa Mahindi na Udhibiti wa Mbegu: Mama wa Chotara Naye Apimwe kwa Kiu

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, Makutupora, Dodoma. Na kwa Waheshimiwa Wakuu wa Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, Morogoro.

Waheshimiwa,

Naomba idhini ya kusema nanyi hadharani juu ya jambo ambalo, kwa kadiri ya ufahamu wangu, husemwa zaidi katika vibaraza vya maghala ya mbegu na kando ya mashamba kuliko katika mikutano yenye mamlaka ya kulitengeneza. Mimi ni mzalishaji wa mbegu za mahindi katika wilaya ya Kilosa, mtu wa mkataba, nipewaye mbegu wazazi na kampuni, nikazipanda kwa safu za jike na safu za dume, nikasimamia ukataji wa mbelewele, nikavuna, nikapeleka ghalani. Sina shahada ya elimu ya urithi wa mimea, ila nina macho yangu, na tangu ujana nimekuwa msomaji wa kila karatasi ya watafiti iliyonifikia, hata ile iliyofungiwa sukari. Muradi wangu ni mmoja: kwamba katika juhudi kubwa, na ya kusifiwa, ya kumpatia mkulima mahindi yanayostahimili ukame, tumempima mtoto kwa kiu tukamwacha mama bila kumpima, na hali mama huyo ndiye anayetegemewa kuizaa mbegu yenyewe.

Kwa faida ya wasomaji wasiokuwa wa kazi hii, na barua ya wazi husomwa na wengi kuliko walioandikiwa, sina budi kueleza kidogo. Muhindi kwa tabia yake ni mmea unaooana na majirani: chavua hutoka katika mbelewele iliyo kileleni, ikachukuliwa na upepo hadi kwenye ndevu za gunzi la mmea mwingine, na kila unywele katika ndevu zile ni njia ya punje moja. Mtafiti anapoulazimisha mmea ujichavushe wenyewe, kwa kuvisha mbelewele na gunzi mifuko ya karatasi, kisha akarudia hivyo kizazi baada ya kizazi, vizazi sita au saba, hupata nasaba safi ambayo kila mche wake ni sawasawa na mwenziwe. Lakini nasaba hiyo huwa imedhoofika, mabua yake mafupi na membamba, gunzi lake dogo, punje zake chache. Nasaba mbili za namna hiyo, zisizokuwa na udugu wa karibu, zikioanishwa, mtoto wao huchomoka kwa nguvu ambayo hakuna mzazi hata mmoja aliyekuwa nayo, na huyo ndiye chotara tunayemnunua dukani kila msimu. Basi ajabu ya kazi hii ni kwamba mbegu ya mmea wenye nguvu kupita yote sharti izaliwe na mmea dhaifu kupita yote.

Udhaifu huo wa mama umeitawala historia ya mahindi chotara tangu mwanzo, nami napenda kuikumbusha historia hiyo kwa kuwa hatuikumbuki vya kutosha tunapopanga mipango yetu. George Harrison Shull alikwisha kuonyesha mwaka 1908, huko Cold Spring Harbor katika jimbo la New York, kwamba nasaba safi zikioanishwa hutoa zao lililo bora. Walakini kwa muda wa miaka kumi hivi elimu hiyo haikumfaa mkulima yeyote, kwa sababu mbegu iliyochumwa kwa mama dhaifu ilikuwa haba na ghali mno. Aliyeifungua kazi ni Donald Jones wa Connecticut, ambaye katika miaka ya 1917 na 1918 alionyesha njia ya kuoanisha chotara mbili badala ya nasaba mbili, ili mbegu ya kuuza ichumwe kwa mama mwenye afya. Wamarekani walikaa katika njia hiyo hadi kukaribia miaka ya 1960, nasaba zao zilipokwisha kutengenezwa zikaweza kuzaa mbegu ya kutosha, ndipo wakairudia njia fupi ya Shull. Katika Afrika yetu, SR52 ya Rhodesia ya Kusini, iliyotolewa mwaka 1960, ilitangulia ulimwengu kwa kuwa chotara ya nasaba mbili tu iliyolimwa kibiashara. Lakini ilikuwa mbegu ya mwenye shamba kubwa na mvua ndefu, na ilipofika zamu ya nchi kavu na udongo wa kichanga, watafiti wa huko walitoa R200 mwaka 1970 na R201 mwaka 1975, ambazo mama yake mwenyewe ni chotara. Watafiti wa Kitale, Kenya, nao hawakutumia nasaba safi katika chotara yao mashuhuri ya 611, ya mwaka 1964. Walioanisha Kitale Synthetic II na Ecuador 573, makabila mawili kamili ya mahindi, kila moja likiwa na nguvu ya kuzaa. Kila palipopigwa hatua katika chotara, mtu fulani alikuwa amekwisha kulijibu swali la mama.

Hata leo aghalabu ya chotara za Afrika ya Mashariki na ya Kusini ni za wazazi watatu: mama ni chotara ya nasaba mbili, baba ni nasaba moja. Hilo hupunguza dhiki, haliiondoi. Mama wa mama yungali nasaba safi, naye sharti azae mbegu ya msingi kila mwaka. Na baba ni nasaba safi, ambaye chavua yake isipokuwapo kwa wakati wake, nguvu zote za mama hazifai kitu.

Sasa nije kwenye ukame. Muhindi huweza kuvumilia mengi katika utoto wake. Ukikosa maji katika majuma ya kwanza hukunja majani, hungoja, na mvua ikirudi huinuka. Haukubali kukosa maji wakati wa maua. Katika muda wa majuma mawili hivi kabla ya ndevu kutoka, na mawili baada yake, ndipo hesabu ya punje inapoandikwa, na ukame unapoingia hapo mmea hufanya jambo ambalo kila mkulima amelishuhudia hata kama hakulipa jina: mbelewele hutoka karibu kwa siku zake za kawaida, bali ndevu huchelewa. Katika mwaka mwema siku zinazotenganisha chavua na ndevu ni moja, mbili, tatu. Katika ukame huwa tano, saba, hata kumi, na zikifika kumi mavuno huwa yamekwisha kupotea karibu yote, ijapokuwa shamba kwa mbali bado ni la kijani na mpita njia hulitamani.

Elimu ya jambo hili ilipatikana kwa subira katika nchi ya Meksiko. Watafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Kuboresha Mahindi na Ngano, CIMMYT, walianza mwaka 1975 kulichagua kabila la mahindi liitwalo Tuxpeño katika kituo cha Tlaltizapán, jimbo la Morelos, mahali ambapo majira ya baridi hayana mvua kabisa, hata mtafiti anaweza kumwagilia atakapo na kuyafunga maji atakapo, akauleta ukame juu ya maua kwa siku anazozitaka yeye. Walirudia uchaguzi huo mizunguko minane. Greg Edmeades na Jorge Bolaños walipoilinganisha mizunguko hiyo waliona kwamba kila mzunguko uliongeza takriban kilo 100 za mahindi kwa hekta, na kwamba siku za kutengana kwa chavua na ndevu zilikuwa zimepungua sana. La kustaajabisha zaidi, mmea uliochaguliwa haukuwa umejifunza kunywa maji mengi kuliko babu yake. Mizizi ya tabaka la juu ilikuwa hata imepungua, mbelewele imekuwa ndogo, na chakula kilichookolewa huko kikapelekwa kwenye gunzi changa wakati lilipokihitaji. Watu wengi, na wenye elimu wamo, hudhani kustahimili ukame ni kuchimba kisima kirefu zaidi. Kwa muhindi, sehemu kubwa yake ni ugawaji wa haki wa kidogo kilichopo.

Njia hiyo ililetwa Afrika, na hapa sina ila shukrani. Marianne Bänziger na wenzake waliianza kazi Harare katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, wakipima mahindi katika ukame na katika udongo wenye njaa ya naitrojeni, hali mbili ambazo mkulima wetu huzipata pamoja wakati vituo vya utafiti vilikuwa vimezoea kupima kwa mbolea tele na maji tele. Kisha ukaja mradi wa mahindi yanayostahimili ukame wa nchi 13 za Afrika, nchi yetu ikiwamo, uliokwisha mwaka 2015 ukiwa umesaidia kutolewa kwa aina zaidi ya 200. Kiboko, katika kaunti ya Makueni nchini Kenya, pakawa mahali petu pa kufungia maji, kwa kuwa katikati ya mwaka hapanyeshi. Nasaba kama CML312 na CML442 kwa upande mmoja, na CML395 na CML444 kwa upande wa pili, zikaenea katika nchi nyingi kama wazazi, na naamini wako wakulima maelfu waliokula ugali katika mwaka mbaya kwa ajili ya nasaba hizo pasipo kuwahi kuyasikia majina yake. Kabla ya hapo tulikuwa na mbegu kama Katumani Composite B, ambayo hukomaa upesi ikaukimbia ukame kabla haujafika. Ni hila njema, lakini mwenye kukimbia hachukui mzigo mkubwa, na mwaka wa mvua nzuri mbegu ya mapema haiwezi kuutumia wingi wake.

Sasa, Waheshimiwa, tatizo liko wapi? Liko katika kanuni iliyo sahihi ambayo imetumiwa nusu. Elimu imethibitisha kwamba mavuno ya nasaba peke yake hayatabiri vema mavuno ya chotara itakayozaliwa nayo; nasaba yenye gunzi zuri yaweza kutoa chotara hafifu, na iliyodhoofika ikatoa chotara hodari. Kwa hiyo mtafiti mwenye fedha kidogo na ardhi kidogo huona ni iktisadi kuioanisha nasaba mapema na mbegu ya kujaribia, akaupima uzao wake katika ukame, na nasaba yenyewe akaiweka kando, aiangalie tu isije ikafa. Anapata chotara stahimilivu, na anastahili pongezi. Halafu chotara hiyo hupelekwa kwenu kwa majaribio mawili, moja la kuitambua kuwa ni aina tofauti, yenye usawa na isiyogeuka, na jingine la kuilinganisha kwa mavuno na zilizopo. Ikifaulu hutangazwa, picha hupigwa, na kuanzia hapo suala la namna mbegu yake itakavyozalishwa kwa wingi huwa ni la mtu mwingine. Mtu huyo mwingine ni mimi na wenzangu.

Nitatoa mfano mmoja wa shambani mwangu, nisiitaje kampuni, maana sina nia ya kumfedhehesha mtu. Nililetewa jike na dume, na karatasi ya maelekezo iliyosema dume lipandwe siku kadhaa baada ya jike, ili mbelewele ya hili na ndevu za lile zikutane. Hesabu hiyo bila shaka ilikuwa sahihi mahali ilipofanyiwa, penye maji na ubaridi. Mvua ya masika ilikatika muda mchache kabla ya maua. Dume lilichomoza kwa wakati wake, likamwaga chavua asubuhi baada ya asubuhi, na jike likakaa ndevu zimefungika ndani ya maganda. Zilipochungulia, dume lilikuwa limekwisha. Vijana waliokata mbelewele za jike walikuwa wamefanya kazi yao kwa uaminifu, mkaguzi alipita akalisifu shamba kwa usafi wake, na wakati wa kupukuchua tukapata magunzi yenye punje za kuhesabika, hapa mbili, pale tano, mengine matupu kama yalivyozaliwa. Mkataba hulipa kwa kilo ya mbegu iliyofaulu. Usafi wa shamba haulipwi. Na chotara ile, ambayo mimi binafsi niliiona katika shamba la maonyesho ikisimama vizuri juani kuliko jirani zake wote, sikuiona tena dukani baada ya misimu michache, wala sikushangaa.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike, kwa sababu hasara yangu mimi ni ya mtu mmoja. Mbegu ambayo mama yake hazai huwa ghali, na ikiwa ghali huletwa kidogo, na ikiletwa kidogo humfikia mwenye gari kabla ya mwenye jembe. Au kampuni, ambayo haiwezi kulaumiwa kwa kupiga hesabu, huiacha kabisa ikarudia chotara ya zamani ambayo wazazi wake wanajulikana kwa utiifu. Tunalalamika kwamba wakulima hawabadili mbegu, kwamba Wakenya hadi juzi walikuwa wakipanda kwa wingi H614 iliyotolewa mwaka 1986, na tunawahubiria juu ya faida za mbegu mpya. Sababu za jambo hilo ni nyingi, lakini naomba mkubali kwamba mojawapo haimo kabisa katika tabia ya mkulima, nayo ni kwamba mbegu mpya haikuzaliwa ya kutosha hata akaikataa.

Najua jawabu la kwanza nitakalopewa: mzalishaji wa mbegu na amwagilie, maana shamba la mbegu si shamba la chakula. Jawabu hilo lina haki ndani yake kwa mwaka wa kawaida, na mwenye kisima au mfereji hana udhuru wa kuacha jike likauke. Walakini mwaka wa ukame haumchagui mkulima wa chakula peke yake. Mto Mkondoa hupungua kwa wote, wanaonywesha ng'ombe na wanaochota ya kunywa wana haki ya kutangulia mbele ya mbelewele zangu, na mafuta ya mashine ya kuvuta maji huingia moja kwa moja katika bei ya mfuko wa mbegu. Fauka ya hayo, maji hayazuii joto. Chavua ya muhindi hufa katika joto linalozidi nyuzi 38 hivi hata mizizi ikiwa ndani ya tope, na katika tambarare zetu joto hilo si hadithi. Jill Cairns na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba kustahimili ukame ni jambo moja na kustahimili ukame pamoja na joto ni jambo jingine lenye urithi wake mbali, na kwamba nasaba kadhaa zilizokuwa zikitegemewa katika kazi ya ukame zilianguka zilipopimwa kwa hayo mawili pamoja. Mwenye kupanda mama huyo katika bonde la joto, hata akiwa na mfereji, amepanda bahati nasibu.

Jawabu la pili ni la kitaalamu zaidi, nami nalisikia kwa adabu: kwamba tukichagua wazazi kwa uzazi wao wenyewe tutaipoteza ile nguvu ya uchotara ambayo ndiyo faida ya kazi nzima. Hapa naomba tuwasikilize wenye mashamba ya kumbukumbu. Donald Duvick wa kampuni ya Pioneer huko Iowa alipanda pamoja, msimu mmoja, chotara za miongo mingi kuanzia miaka ya 1930, na wazazi wake pia, akaona kwamba chotara zimepanda mavuno mwongo kwa mwongo, na nasaba zimepanda nazo, wakati tofauti baina ya mtoto na wazazi wake haikubadilika sana. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya maendeleo ya mahindi ya Marekani ilikuwa ni maendeleo ya wazazi katika kuvumilia dhiki: dhiki ya kusongamana, ya ukavu, ya udongo. Mama bora hakuua uchotara. Alimwinua mtoto pamoja naye. Tena, ijapokuwa mavuno ya nasaba hayatabiri vema mavuno ya chotara, siku za kutengana kwa chavua na ndevu hurithiwa kwa uaminifu zaidi kuliko mavuno yenyewe, hasa katika ukame, na kuzihesabu hakuhitaji chombo ila daftari, kalamu, na kijana anayeamka mapema.

Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi, na sijalisikia likisemwa. Mwaka 2013 ulifunguliwa Kiboko, kwa ushirikiano wa CIMMYT na watafiti wa Kenya, mtambo wa kuzalisha nasaba safi kwa njia ya haraka: mmea huchavushwa na dume la namna maalumu, hupatikana punje zenye nusu ya urithi, miche yake hutiwa dawa ya kuufanya urithi huo ujirudufu, na nasaba iliyokamilika hupatikana kwa misimu miwili au mitatu badala ya sita au saba. Ni kazi adhimu, na anayeipinga haelewi thamani ya muda. Lakini ile misimu sita ya zamani, pamoja na uvivu wake, ilikuwa pia mitihani sita: nasaba ilipita mikononi mwa mtafiti katika mwaka wa mvua na mwaka wa jua, na iliyokuwa haizai ilijiondoa yenyewe, maana haikuacha mbegu ya kupanda tena. Nasaba ya siku hizi huzaliwa imekamilika bila ya kuteseka, na huzaliwa mamia kwa mamia. Chekeche ya zamani ilikuwa ndani ya njia yenyewe. Sasa sharti tuitengeneze kwa makusudi, na tusipoitengeneza, tutakuwa tumeongeza kasi ya kumfikishia mzalishaji akina mama wasiojulikana tabia zao. Wala si ukame tu. Ugonjwa wa kuua mahindi ulipozuka Bomet, Kenya, mwaka 2011 ilidhihirika kwamba wazazi wengi waliotegemewa katika eneo zima hawakuwa na kinga, na miaka ikapita katika kuwatafutia kinga hiyo, kituo maalumu kikajengwa Naivasha. Ndipo tukajua kwa gharama jinsi kundi dogo la wazazi linavyobeba chakula cha mataifa kadhaa.

Basi nawaomba, Waheshimiwa, mambo ambayo hayahitaji sheria mpya wala mkopo wa nje. Kwa wakuu wa utafiti: kila nasaba inayokusudiwa kuwa mzazi ipandwe yenyewe, si uzao wake tu, katika majira ya kiangazi, Makutupora au mahali pengine ambapo maji yanaweza kufungwa wakati wa maua, na ipandwe vilevile penye maji ya kutosha, kwa kuwa mama anayezaa katika dhiki akashindwa katika neema si mama wa kutajirisha mtu, nazo siku za chavua na ndevu, idadi ya mihindi tasa isiyotoa gunzi, na kilo za mbegu zihesabiwe katika hali zote mbili. Mkiwa na nafasi ya kuzipima nasaba chache tu, zipimeni zile chache zilizokwisha kufaulu katika chotara, kabla ya kutoa jina na kabla ya picha kupigwa. Na zipimwe pia katika tambarare za joto, maana Dodoma ni kavu lakini usiku wake hupoa, na si sisi sote tunaolala katika ubaridi huo.

Kwa wakuu wa udhibiti: siombi mzikatae chotara ambazo mama yake ni dhaifu, kwa kuwa huenda mkulima akawa tayari kuilipia mbegu ghali iliyo bora, na hiyo ni hiari yake. Naomba tu kwamba aina inapotangazwa, yaambatanishwe maelezo ya wazazi ambayo mzalishaji anaweza kuyaona kabla hajatia saini: jike huzaa mbegu kiasi gani penye maji na kiasi gani penye ukame, dume humwaga chavua siku ngapi, na tofauti ya siku za kupanda iliyoelekezwa ilipatikana katika mahali gani, urefu gani toka bahari, na joto gani. Kampuni zitasema hizo ni siri za biashara. Urithi wa nasaba ni siri yao, sina ugomvi. Kilo za jike kwa hekta ni jambo ambalo mimi huligundua mwenyewe kila mwaka, kwa fedha yangu.

Na kwa pande zote mbili: mbegu za awali za wazazi wanaotokana na utafiti wa umma ziwe na shamba la maji lisilotegemea mvua, dogo tu, likilindwa katika mwaka mbaya kabla ya shamba jingine lolote la serikali, kwa kuwa shamba la chakula likipotea hupotea mavuno ya mwaka mmoja, bali mbegu ya mzazi ikipotea au ikachanganyika na chavua ya jirani, hupotea kazi ya miaka kumi.

Nami sitaki kuomba pasipo kutoa. Ninayo ekari moja kando ya mfereji, udongo wake wa kichanga, yenye lango la maji linalofungwa, mbali na mashamba ya mahindi ya majirani kwa masafa yanayokubalika na wakaguzi. Iko tayari kwa nasaba zenu kuanzia mwisho wa masika yajayo, bila kodi, kwa masharti mawili: kwamba hesabu za siku zibandikwe katika ofisi ya kilimo ya wilaya ambapo kila mzalishaji anaweza kuzisoma, na kwamba atakayekuja kuhesabu afike shambani kabla ya jua kupanda, kwa kuwa chavua humwagika asubuhi.

Wasalaamu, nami ni mtiifu wenu,

Mzalishaji wa mbegu,
Kilosa, Morogoro